Theluji Iko Juu, Mto Uko Chini

(Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii, iliyotolewa Mweya mbele ya wajumbe wa jamii za mpakani kutoka Bwera, Mpondwe, Katwe na Kasese.)



Asubuhi ya leo, kabla ukungu haujapanda, wengi wetu tulisimama hapo nje tukitazama kaskazini, ng'ambo ya ziwa na mbuga. Mlima ulikuwa wazi, na vilele vyake vilikuwa vyeupe kuliko ilivyo kawaida yake siku hizi. Kijana mmoja akauliza, "Afande, kumbe Ulaya imehamia kwetu?" Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini swali lile tulilihifadhi moyoni, kwa maana ndani yake mna jambo lililotuleta hapa. Weupe ule si pambo la kupigia picha tu. Ni habari iliyotoka juu, na asiyejua kuisoma aweza kuilipia kwa mali yake au kwa mtoto wake.

Tuanze na lile la theluji. Mstari wa ikweta unakata barabara yetu karibu na Kikorongo, mahali ambapo wageni husimama wapigwe picha. Wengi hudhani kwamba nchi ya ikweta haiwezi kuwa na theluji. Jibu lake ni kimo. Kila mtu akipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Hapa Mweya tuko mita zisizofika 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita, kilicho juu kabisa ya mlima Stanley, kiko mita 5,109. Basi mchana ambao sisi tunapepea kwa joto la nyuzi 27 hapa ziwani, kule kileleni maji yanakaribia kuganda, na usiku yanaganda kabisa. Ndiyo maana theluji ya Rwenzori haingoji majira ya baridi kama ya Ulaya. Yaweza kuanguka mwezi wowote, alimradi mawingu yamebeba maji na usiku umekuwa wa baridi.

Wazee wetu wa Kikonzo hawakuhitaji mgeni awafundishe hayo. Stanley alipouona mlima huu mwaka 1888 na kuwaandikia watu wa kwao, na mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kileleni mwaka 1906, wenyeji walikuwa na neno lao tangu zamani: nzururu, ndiyo theluji. Katika neno hilo ndimo ulimozaliwa umaarufu wa nchi ya Rwenzururu, nchi ya theluji. Wazee walifundisha kwamba mlima ni wa kuheshimiwa, kwamba mito yote yatoka huko, na kwamba mwenye kuupuuza hujuta. Sisi wa polisi hatuna mamlaka ya kusema juu ya imani ya mtu, lakini twasema kwa uwazi kwamba katika hilo la heshima wazee walikuwa na haki.

Ni kweli pia kwamba nzururu inapungua. Mwaka 1906 barafu ya kudumu ilikuwa juu ya milima yote 6 mikubwa ya Rwenzori, nayo ilienea takriban kilomita za mraba 6 na nusu. Ilipopimwa mwaka 2003 haikufika kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imezidi kusinyaa. Mzee aliyechunga mbuzi juu ya Bwera akiwa mtoto anaweza kuwaambia wajukuu zake, bila kutia chumvi, kwamba weupe alioukulia ulikuwa mwingi kuliko huu. Theluji mpya bado huanguka, kama tulivyoiona leo, lakini nyingi haikai. Ifikapo adhuhuri imekwisha kuyeyuka.

Hapa ndipo uvumi unapoingia. Tumesikia sokoni, kanisani na vituoni kwa bodaboda kwamba mafuriko yetu yanaletwa na theluji inayoyeyuka. Wengine huongeza kwamba siku barafu itakapokwisha, mafuriko nayo yatakwisha. Ndugu zetu, fikra hiyo ni ya hatari. Watafiti walipopima maji ya mto Mubuku, waliona kwamba yale yatokanayo na barafu hayafiki sehemu 2 katika kila 100. Maji yaliyobaki, karibu yote, ni ya mvua. Barafu yote ikayeyuka leo, mvua itabaki pale pale. Wala haitapungua nguvu: pale ambapo zamani ingeanguka theluji na kukaa juu, kukiwa na joto zaidi itaanguka kama maji na kuteremka usiku huo huo.

Basi mafuriko yetu hutoka wapi? Hutoka kwenye mvua kubwa inayonyesha juu kabisa, katika miteremko mikali, kwenye mabonde membamba. Pale ambapo mimea imeungua au imekatwa, udongo haushiki maji. Mwanzoni mwa mwaka 2012 moto uliteketeza mimea ya nyanda za juu za mlima. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ukavunja kingo zake, ukashuka na mawe na magogo, ukaharibu Kilembe pamoja na hospitali yake, ukaingia mpaka mjini Kasese. Mwezi Mei mwaka 2020 mito kadhaa ilifurika kwa pamoja, Nyamwamba na Mubuku ikiwamo, na hospitali ile ya Kilembe ikapigwa tena. Maelfu walihama, na wengi waliishi kambini kwa muda mrefu kuliko walivyodhani. Mwezi Septemba mwaka 2022 mlima wenyewe uliporomoka Kasika, katika Rukoki, ukafukia nyumba na waliokuwa ndani, wengi wao wakiwa kina mama na watoto. Tunaitaja misiba hii kwa unyenyekevu, tukijua kwamba katika ukumbi huu wamo waliozika.

Tazameni jambo moja katika hayo yote. Mji wa Kasese ni mkavu. Sehemu nyingi za tambarare kati ya Bwera na Katwe ni kavu pia, kwa kuwa mlima hunyang'anya mawingu maji yake kabla hayajatufikia. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni ya kweli, ila kwetu sisi ina kasoro ndogo: mawingu yanayotuhusu hayako juu ya vichwa vyetu. Yako juu ya mlima. Mtu wa Mpondwe anaweza kulala chini ya nyota, pasi na tone hata moja, huku mto Lhubiriha ukijaa kutokana na mvua asiyoiona wala kuisikia.

Kwa sababu hiyo twawaomba muusome weupe wa asubuhi. Mkiona vilele vimejaa theluji mpya, na weupe umeshuka chini kuliko jana, jueni kwamba usiku uliopita palikuwa na dhoruba juu. Pale penye baridi kali ilianguka theluji. Chini ya hapo, kwenye misitu na mabonde, ilianguka mvua, na mvua hiyo iko njiani kuja kwenu. Weupe haumaanishi kwamba maji yamefungwa juu. Vilevile mkiona mlima umefunikwa na wingu zito jeusi tangu alasiri, msiungojee mto uwape habari. Mto hutoa habari ukiwa umekwisha fika.

Tunakutana katika wiki hizi za mwisho za kipupwe. Hewa ni ya baridi kidogo, asubuhi tunavaa makoti, mchana jua ni la upole, na mito imenywea hata mtoto anavuka bila kulowa magoti. Ndio wakati unaotudanganya. Mtu huona ukingo mpana wenye changarawe safi, akasema, "Hapa patanifaa." Anajenga kibanda, anapanda mahindi, anafunga mbuzi, anachimba mchanga. Mvua za Agosti hadi Novemba zikija, mto hurudi kudai chumba chake. Ukingo ule haukuwa shamba lililoachwa. Ulikuwa kitanda cha mto, nao ulikuwa safarini tu.

Sasa tuna jambo la kukiri mbele yenu. Hotuba za polisi zina desturi ya kuwaambia wananchi makosa yao. Leo tutaanza na letu.

Miaka michache iliyopita, katika msimu wa mvua, mkulima mmoja wa juu mlimani alipiga simu kwenye kituo kimoja cha polisi, ambacho hatutakitaja. Alisema mto umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa, unanuka udongo, na mawe yanasikika yakigongana chini ya maji. Askari aliyepokea simu aliandika yote katika kitabu cha matukio, kwa mwandiko mzuri, na saa akaitia. Kisha akafunga kitabu. Huku chini jua lilikuwa likiwaka. Kwenye mawe ya Lhubiriha kina mama wa pande zote mbili walikuwa wakifua, watoto wakicheza majini, mashuka yameanikwa juu ya vichaka.

Maji yalikuja kwa mara moja. Kina mama walikimbia, wakaacha nguo, sabuni na masufuria. Mtoto mmoja wa upande wetu, msichana wa miaka kama 6, alichukuliwa. Aliyemwokoa alikuwa kijana mchimba mchanga wa upande wa Kongo, aliyejitosa akiwa amefungwa kamba kiunoni na kuushika mkono wake kwenye kichaka cha matete. Hakuuliza mtoto ni wa nchi gani. Siku ile mto ulimrudishia mama mwanawe, lakini haukufanya hivyo kwa wema wetu. Habari tulikuwa nayo, imelala ndani ya kitabu.

Tulipoketi baadaye na mama yule kumpa pole, hakutukana. Aliuliza tu, "Kumbe mlijua?" Swali hilo limetukaa. Tangu siku ile tumekuwa tukijiambia kwamba onyo lililoandikwa bila kupelekwa ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

Kutokana na hayo, twaleta mbele yenu mapatano manne, ili tuyashike pamoja.

La kwanza: onyo lishuke na mto. Mtu wa juu akiona maji yamebadilika rangi, au yamepungua ghafla pasipo sababu, au akisikia ngurumo ya mawe, asiridhike kwa kuhama yeye peke yake. Amwambie mwenyekiti wa kijiji, naye ampigie mwenzake wa kijiji kinachofuata chini, vivyo hivyo mpaka ziwani. Maji yakipungua ghafla msifurahi, kwa maana huenda ardhi imeporomoka na kuuziba mto huko juu, na kizuizi hicho kikivunjika yatakuja yote pamoja. Polisi wapigieni 999 au 112 bila malipo. Askari atakayepokea simu hiyo, kwa agizo letu, haandiki kwanza. Anapiga simu kwanza, kisha anaandika.

La pili: onyo livuke mto. Lhubiriha ni mpaka wa nchi mbili, lakini maji yake ni mamoja, na yanakwenda ziwa moja. Simu za pande mbili ni za mitandao tofauti, mara nyingine haziitikiani, na mara nyingine salio halitoshi. Basi tusitegemee simu peke yake. Kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti, filimbi, ngoma, hata sauti ya mtu mwenye kifua vyaweza kuvuka pale mtandao unaposhindwa. Mungu ametupa neema nyingine: Mkonzo wa Bwera na Mnande wa Kasindi husikilizana kwa lugha ya mama zao, na asiyejua lugha hiyo anajua Kiswahili. Hakuna anayeweza kusema hakuelewa. Tumeomba kila kijiji cha ukingoni kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, watakaofahamiana kwa sura na wenzao wawili wa ng'ambo.

La tatu: uhai kwanza, karatasi baadaye. Tunajua kuna watu ambao wameona maji yakija, wakasita kupanda kwenye kingo iliyo karibu nao kwa sababu ni ya nchi nyingine, wakiogopa kukamatwa. Twasema kwa niaba ya ofisi yetu: anayevuka akikimbia mafuriko si mhalifu machoni petu. Atapokewa, atapewa mahali pakavu, na mambo ya vitambulisho yatashughulikiwa kwa utaratibu wake maji yakishatulia. Vilevile twasema kwa ukali ule ule: anayetumia msiba wa wenzake kuvusha magendo au kuiba katika nyumba zilizohamwa, huyo tutamtafuta.

La nne: habari ipimwe kabla ya kusambazwa. Mvua ya mawe ikinyesha Bwera, mtu huipiga picha mabati na migomba ikiwa meupe, akaandika kwamba theluji imeshuka vijijini na mwisho wa dunia umekaribia. Mvua ya mawe si theluji. Huzaliwa katika mawingu ya radi, nayo huvunja migomba, huua kuku, na huja pamoja na radi. Ikianza, ingieni ndani ya nyumba, mkae mbali na miti mirefu na nyaya. Lakini msiifanye kuwa unabii. Kijiji kilichotishwa mara tatu kwa habari za uongo hakitakimbia mara ya nne, na huenda mara hiyo ya nne ndiyo ya kweli. Kabla ya kusambaza, ulizeni: nani ameona, wapi, saa ngapi?

Hatuwezi kumaliza bila neno kwa wanaopanda mlima. Upande huu kuna Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyo Urithi wa Dunia tangu 1994, na upande wa pili kuna Virunga. Vijana wetu wengine hupita kwenye njia za msitu kwa ajili ya kuwinda, kukata mianzi au kuvuka mpaka kwa siri. Huondoka Bwera na fulana na malapa, kwa kuwa hali ya hewa hapa ni ya upole. Kwenye mlima, mchana wa jua na usiku wa kuganda ni vya siku moja. Mtu aliyelowa, aliye katika upepo, anaweza kufa kwa baridi hata mahali pasipo na theluji. Dalili zake ni hizi: hutetemeka sana, kisha huanza kujikwaa, maneno yake huwa mazito kama ya mlevi, naye husema anataka kulala tu. Msimwache alale peke yake. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa kitu kikavu, mkumbatieni, na akiweza kumeza mpeni chai ya moto yenye sukari. Waragi usimpe. Humdanganya kwamba amepata joto, huku ukizidi kulitoa joto la mwilini. Na mtu akichelewa kurudi, familia isiogope kuja kwetu kwa sababu alikwenda pasipo kibali. Njooni mapema. Kesi ya kibali ni ndogo. Jeneza halina rufaa.

Wapendwa wetu, hatuna uwezo wa kuizuia mvua, wala hatuwezi kuirudisha nzururu waliyoiona babu zetu. Tulicho nacho ni macho, midomo na ujirani. Tumeanza kuwaambia askari wetu wa Bwera na Mpondwe kwamba kila asubuhi, kabla ya gwaride, watazame mlima na kuandika walichokiona: uwazi au wingu, weupe mwingi au mdogo. Twawaomba nanyi mfanye hivyo hivyo mnapofungua milango. Fundisheni watoto. Mtoto anayejua kwamba mlima mweupe maana yake ni kukaa mbali na mto siku hiyo, amepewa urithi ambao maji hayauchukui.

Msichana yule wa Lhubiriha sasa yuko shuleni. Kila anapovuka daraja na mama yake siku ya soko, tumeambiwa, huuliza kama yule kaka wa ng'ambo yuko salama. Nasi twatamani siku moja, mtu akiuliza, "Kumbe mlijua?" tuweze kujibu sote, wa pande zote mbili za mto: naam, tulijua, na tuliwaambia.

 Mungu awalinde, na awarudishe nyumbani salama.